Majani Yanayoanguka Kabla ya Wakati: Historia ya Bakteria wa Vidonda vya Tumbo

  

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao karibu kila ploti hapa Ruiru ina mtu anayeulalamikia. Wengine huuita vidonda vya tumbo, na wengi huuita alsa.

Tuseme ni saa nane ya usiku, pale Kimbo au Gatongora. Mama mmoja ameamka. Chini ya kifua, mahali mbavu zinapokutana, panamchoma kama amemeza kaa la moto. Anakunywa kikombe cha maziwa baridi. Anatafuna tembe mbili za kutuliza asidi alizonunua dukani, kisha anakaa kitandani kungoja kupambazuke. Asubuhi anamwambia jirani, "Ni alsa, imerudi tena." Jirani anamjibu, "Pole, mama. Punguza mawazo. Na hiyo pilipili uiache."

Jirani huyo hana ubaya. Anasema yale ambayo hata madaktari wakubwa wa dunia walisema kwa muda mrefu. Lakini walikuwa wamekosea, na kosa lao liliwagharimu wagonjwa miaka mingi ya maumivu. Leo nataka ujue kosa hilo lilitokea vipi, lilirekebishwa na nani, na ni kitu gani hasa kinachotendeka ndani ya tumbo lako na la mtoto wako.

Tuanze na mti wa kahawa

Kabla Ruiru haijajaa nyumba za kupanga, ilikuwa nchi ya kahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kimekuwa hapa tangu miaka ya 1940. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, ambayo wakulima walianza kupewa mwaka 1985, ilichukua jina la mji wetu. Ilizalishwa ili ihimili magonjwa, na kutu ya majani ni mojawapo.

Wewe uliyekulia shambani unajua kwamba mti wa kahawa wenye afya huangusha majani. Jani likizeeka hugeuka manjano, huachana na tawi bila kelele, na jingine huchipuka. Huko si kuugua. Lakini kutu ikiingia, utaona madoa ya rangi ya machungwa upande wa chini wa jani, na majani mabichi ambayo bado yangefanya kazi huanguka kabla ya wakati. Mti hubaki matawi matupu, na mavuno huharibika.

Weka picha hiyo akilini, maana tutairudia.

Sasa fikiria mfuko wa chakula, yaani tumbo lenyewe. Kwa ndani umefunikwa na ngozi laini iliyojengwa kwa seli nyingi mno, zimepangwa bega kwa bega kama matofali. Juu ya seli hizo kuna ute mzito. Kazi ya ute ni kuikinga ngozi hiyo na asidi ya tumbo, ambayo ni kali sana. Kazi ya kulinda ni ngumu, kwa hiyo seli za juu huchakaa upesi. Huishi siku chache tu, halafu hufa kwa utaratibu, na mpya huzaliwa chini yake na kupanda kuchukua nafasi. Kila siku, hata sasa unaposoma, mamilioni ya seli zinaanguka ndani ya tumbo lako na mamilioni yanachipuka. Idadi ya zinazoanguka ikilingana na idadi ya zinazochipuka, ukuta unabaki imara. Hesabu hiyo ikiharibika, ndipo taabu inapoanza.

Miaka ya kulaumu asidi na mawazo

Mwaka 1910 daktari aliyeitwa Karl Schwarz alifundisha kwamba pasipo asidi hakuna kidonda cha tumbo. Ilikuwa kweli kwa sehemu, lakini madaktari waliishika kana kwamba ndiyo kweli yote. Mwaka 1915 Bertram Sippy, daktari wa Chicago huko Marekani, alieneza tiba ya kumnywesha mgonjwa maziwa na malai kila saa ili kupoza asidi. Naam, kile kikombe cha maziwa cha usiku kina historia ndefu kuliko umri wa nyanya zetu! Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, halafu tumbo hutoa asidi nyingine.

Baadaye wakaongeza lawama ya pili: mawazo. Wakasema vidonda ni ugonjwa wa watu wenye wasiwasi na haraka nyingi. Mgonjwa aliambiwa apumzike, aache viungo, atulize moyo. Wengine walipasuliwa na kukatwa sehemu ya tumbo.

Je, hakuna aliyefikiria kwamba huenda kuna kijidudu? Wapo. Mwaka 1893 mwanasayansi wa Italia, Giulio Bizzozero, aliona bakteria waliojipinda kama skrubu ndani ya matumbo ya mbwa. Lakini mwaka 1954 daktari wa Marekani, Eddy Palmer, alichunguza vipande vya matumbo ya watu zaidi ya 1,000 akasema hakuona bakteria. Hakutumia rangi inayofaa kuwaonyesha. Tangu hapo iliaminika kwamba hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi ya tumbo, na mlango ukafungwa.

Katika miaka ya 1970 zilikuja dawa mpya za kupunguza asidi, na simetidini ilikuwa ya kwanza kuvuma. Zilifanya kazi vizuri. Kidonda kilipona. Lakini mgonjwa alipoacha kuzimeza, mara nyingi kidonda kilirudi. Hapo ndipo mama wa Kimbo alipo hadi leo: anatuliza, inarudi, anatuliza, inarudi.

Daktari aliyekunywa bakteria

Mwaka 1979, katika hospitali ya Royal Perth huko Australia, daktari wa maabara aitwaye Robin Warren aliona kitu kwenye hadubini. Juu ya kipande cha tumbo la mgonjwa kulikuwa na bakteria waliojipinda, na penye bakteria hao ngozi ya tumbo ilikuwa imevimba. Aliendelea kuwatafuta, akawaona tena na tena. Wenzake hawakumtilia maanani.

Mwaka 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall. Walijaribu kuwaotesha bakteria hao kwenye sahani za maabara, lakini hawakuota. Sahani za wagonjwa zaidi ya 30 zilitupwa, maana desturi ilikuwa kuzitupa baada ya siku mbili. Ikafika Pasaka ya mwaka 1982. Watu wa maabara walienda likizo, na sahani zikaachwa siku tano. Waliporudi, bakteria walikuwa wameota! Hawakuwa wamekufa hapo awali. Ni kwamba huota polepole kuliko wengine.

Hata hivyo wakubwa wa udaktari hawakuamini. Basi mwaka 1984 Marshall alifanya jambo ambalo mimi na wewe hatulifanyi. Alipimwa kwanza kuthibitisha kwamba tumbo lake ni zima. Kisha akachukua bakteria waliootoka kwenye maabara, akawanywa. Hakumwambia mkewe kwanza. Baada ya siku chache alianza kutapika asubuhi na pumzi yake ikawa na harufu mbaya. Siku ya 10 alichunguzwa kwa mpira mwembamba wenye kamera, na tumbo lililokuwa zima lilionekana limevimba na limejaa bakteria. Alimeza dawa akapona.

Bakteria huyo aliitwa helikobakta pailori. Kwenye karatasi ya maabara utamwona ameandikwa H. pylori. Mwaka 1994 mkutano mkubwa wa madaktari nchini Marekani ulikubali kwamba mgonjwa wa vidonda mwenye bakteria huyu apewe dawa za kumuua. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipewa Tuzo ya Nobel. Warren alifariki mwaka 2024, akiwa ameishi kuona dunia nzima ikimkubali.

Bakteria huua vipi ukuta?

Huenda unauliza, kijidudu kisichoonekana kwa macho kinawezaje kutoboa tumbo? Hapa turudi kwenye majani ya kahawa.

Mwaka 1972 wanasayansi watatu waliofanya kazi pamoja huko Aberdeen, Scotland, yaani John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie, walieleza kwamba seli ina njia yake ya kufa kwa utaratibu. Hujikunja, hujikata vipande vidogo, na seli jirani huvisafisha bila fujo. Walitafuta jina, na mwalimu wa Kigiriki akawapa neno apoptosisi, maana yake kuanguka, kama majani yanavyoanguka kutoka mtini. Unaona? Wataalamu wa ng'ambo walichagua picha ileile ya mkulima wa Ruiru. Na mwaka 2002 Tuzo ya Nobel iliwaendea waliogundua kwamba maagizo ya kifo hicho yameandikwa ndani ya seli yenyewe. Mmoja wao, Sydney Brenner, alizaliwa Germiston, Afrika Kusini.

Sasa bakteria wa tumbo hufanya hivi. Kwanza, hutengeneza amonia inayopoza asidi iliyomzunguka, ndiyo sababu haungui. Kisha hutoboa ule ute mzito kwa mwendo wa skrubu na kujishikiza kwenye seli.

Pili, hutoa sumu. Mwaka 1988 watafiti waliona kwamba maji yaliyotoka kwa bakteria hawa yalizijaza seli mapovu. Sumu hiyo iliitwa VacA. Baadaye ikaonekana kwamba huingia hadi kwenye mitokondria, yaani vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu, na kuvitoboa. Kinu kikitoboka, seli hupokea ujumbe wa kufa ingawa siku yake haijafika. Askari wa mwili nao hufika kupigana, na vita vyao huziumiza seli ambazo hazikuwa na hatia.

Mwaka 1996 watafiti walihesabu seli zinazokufa katika matumbo ya watu wenye bakteria na wasio nao. Kwa wenye bakteria, zilizokuwa zikifa zilikuwa nyingi mara kadhaa. Wagonjwa walipotibiwa na bakteria akaisha, hesabu ilirudi karibu na ya kawaida. Hiyo ndiyo kutu ya majani ndani ya tumbo: majani mabichi yanaanguka kabla ya wakati. Kazi ya ute na ngozi inadhoofika, asidi inapata nafasi, na kidonda kinafunguka.

Kwa hiyo, mama, asidi inachoma kweli. Lakini mara nyingi asidi ni mwizi aliyepita kwenye ukuta uliobomolewa na mwingine. Ukimfukuza mwizi na kuacha ukuta wazi, kesho atarudi.

Seli inayokataa kufa

Kuna jambo la tatu, nalo ndilo zito zaidi. Majani yakianguka mno, mti hujitahidi kuchipua haraka haraka. Tumbo nalo hufanya hivyo. Seli huzaana kwa haraka ili kuziba mapengo, na penye haraka makosa hutokea.

Kwa kawaida seli yenye kosa huamrishwa ife. Lakini baadhi ya bakteria hawa wana kitu kiitwacho CagA. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba bakteria hukidunga ndani ya seli kwa kifaa kama sindano. Kikiingia huvuruga maagizo ya seli. Inaweza kuendelea kugawanyika na kukataa kufa, hata kama imeharibika.

Basi kijidudu kimoja kinaharibu hesabu kwa pande mbili. Seli nzuri zinakufa mapema, na seli mbovu zinakataa kufa. Miaka mingi ikipita, ngozi ya tumbo hukonda, hubadilika umbo, na kwa watu wachache hugeuka saratani. Ndiyo sababu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi ambalo moshi wa sigara umo pia.

Usiogope kupita kiasi. Karibu nusu ya watu wote duniani wamewahi kuhesabiwa kuwa naye, na wengi wao hawaumwi kamwe. Kati ya watu 100 walio naye, kama 10 hadi 15 hupata vidonda katika maisha yao, na 1 hadi 3 hupata saratani ya tumbo. Tatizo ni kwamba huwezi kujua kwa kujitazama wewe uko kundi gani.

Mgeni aliyetoka kwetu

Kijidudu hiki hakikuja kwa meli wala kwa ndege. Mwaka 2007 wanasayansi waliolinganisha bakteria wa tumbo kutoka mataifa mengi walichapisha kwamba alitoka Afrika Mashariki pamoja na binadamu, kama miaka 58,000 iliyopita, akasambaa nao duniani kote. Amesafiri ndani ya matumbo ya mababu, akipita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto.

Kwa kuwa tumeishi naye muda mrefu, wengine walidhani Waafrika hawadhuriki naye. Mwaka 1992 daktari mmoja aliandika juu ya fumbo la Afrika: kwamba bakteria ni wengi lakini saratani ya tumbo ni chache. Lakini je, ilikuwa chache, au haikutafutwa? Mwaka 2001 zilichapishwa hesabu kutoka Hospitali ya Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Huko kulikuwa na kifaa cha kutazama ndani ya tumbo, na saratani ilionekana kuwa si nadra kama ilivyosemwa. Wagonjwa walikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni jicho la kuwaona.

Na mwaka 2010 watafiti wa Nairobi walichapisha matokeo ya watu waliokuja na maumivu ya tumbo. Kati ya watoto waliopimwa, asilimia 73.3 walikuwa na bakteria huyu. Kati ya watu wazima, asilimia 54.8. Nairobi ni hapo tu, mwendo wa matatu moja kutoka Ruiru.

Mtoto anampata wapi?

Watu wengi humpata bakteria huyu wakiwa wadogo, mara nyingi kabla ya miaka 10, na hasa kutoka kwa watu wa nyumba moja. Hupita kwa mate, kwa matapishi, na kwa uchafu wa choo unaofika mdomoni kupitia mikono, chakula au maji.

Angalia mji wetu. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata kama watu 239,000 Ruiru. Ile ya mwaka 2019 ilipata kama 490,000. Mji uliongezeka maradufu katika miaka 10. Nyumba zilijengwa upesi kuliko mabomba ya maji na maji taka. Familia ya watu sita katika chumba kimoja, choo kimoja kwa milango minane, maji ya kununua kwa mtungi wa lita 20: katika hali hiyo bakteria hana kazi ya kutafuta njia.

Nasema haya ili kina mama wasijilaumu. Zamani, katika jamii nyingi, nyanya alimtafunia mtoto ndizi au kiazi kabla ya kumlisha. Alifanya hivyo kwa upendo, na hakukuwa na mashine ya kusaga. Siku hizi tunajua mate yanaweza kubeba bakteria, basi tuponde kwa kijiko au uma. Hatumlaumu nyanya, tunabadilisha njia tu. Na wewe unayenyonyesha, endelea kunyonyesha. Kuwa na bakteria huyu si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa.

Ufanye nini sasa?

Ikiwa tumbo linakuchoma mara kwa mara, usikae miaka ukitafuna tembe za asidi. Nenda kituo cha afya uombe kupimwa. Vipimo vizuri vya bakteria aliye hai ni cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu kinaweza kuonyesha bakteria uliyewahi kuwa naye zamani ambaye ameshaisha, kwa hiyo si cha kutegemewa sana. Mwambie mhudumu dawa zote unazomeza. Dawa kali za kupunguza asidi, kama omeprazo, zikimezwa katika wiki mbili kabla ya kipimo zinaweza kumficha bakteria. Antibiotiki zinaweza kumficha zikimezwa katika wiki nne kabla yake.

Mweleze pia kama unameza mara kwa mara dawa za maumivu, kama vile diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Hizo peke yake zinaweza kuleta vidonda bila bakteria yeyote.

Ukikutwa na bakteria, utapewa dawa tatu au nne za kumeza pamoja, kwa kawaida siku 14. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka. Maumivu yakipungua siku ya tano, mtu huacha, au humgawia jirani zilizobaki. Wengine huenda kemisti kununua nusu ya dozi kwa sababu pesa hazikutosha. Bakteria aliyepigwa nusu hajafa, amejifunza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilimtaja bakteria wa tumbo aliyezoea dawa ya klarithromaisini kati ya wale ambao dunia inahitaji dawa mpya dhidi yao. Kama pesa hazitoshi, mwambie mhudumu kabla ya kuanza, msipange nusu. Kama una mimba au unanyonyesha, sema mapema, maana baadhi ya dawa hizo zitabadilishwa. Ukimaliza, ngoja angalau wiki nne, kisha upimwe tena kuhakikisha ameisha.

Na mtoto je? Mtoto akisema tumbo linauma, usikimbilie kusema ni bakteria huyu. Mara nyingi ni minyoo, kufunga choo, au jambo jingine. Watoto wengi wenye bakteria hawaumwi, na daktari ndiye ataamua kama kuna haja ya kupima. Kamwe usimpe mtoto dawa zako.

Lakini usingoje hata siku moja ukiona dalili hizi kwa mtu yeyote: choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, maumivu makali ya ghafla yasiyoachilia, kupungua uzito bila sababu, chakula kukwama kooni, au upungufu wa damu usiosikia dawa. Nenda hospitali moja kwa moja.

Mambo ya kukumbuka

1. Vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria au na dawa za maumivu. Mawazo na pilipili vinaweza kuongeza uchungu, lakini si mzizi.

2. Bakteria huua seli za ukuta wa tumbo kabla ya wakati, na anaweza kuzifanya seli mbovu zikatae kufa.

3. Nawa mikono kwa sabuni baada ya choo, baada ya kumbadilisha mtoto nepi, na kabla ya kupika na kulisha. Maji ya kunywa chemsha au yatie dawa ya maji.

4. Usimtafunie mtoto chakula, na kila mtu awe na kijiko na kikombe chake.

5. Pima, maliza dawa zote, pima tena.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema juu ya nyumba, lakini leo tumeona kwamba hata ndani ya tumbo kuna ukuta, na ufa wake unaweza kuzibwa. Yule mama wa Kimbo hana haja ya kuamka saa nane kila usiku kwa miaka mingine kumi. Kama unamjua, au kama ni wewe, kesho asubuhi anza safari ya kwenda kupimwa.